Nyumba Hufungwa Mkanda

Fundi alikuwa amekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia upande wa ndani, mwiko mkononi. Tofali zilikuwa zimefika usawa wa vichwa vya milango. Kutoka pale juu aliweza kuyaona mapaa ya Chimwaga, na nyuma yake vilima vya mawe ambavyo Chuo Kikuu cha Dodoma kimetandaa juu yake tangu 2007. Mimi nilikuwa chini, Ng'ong'ona, kwenye kiwanja nilichokinunua kwa akiba ya miaka mingi ya ualimu.

"Mwalimu," aliniita, "lenta tunaizungusha nyumba nzima, au tunaweka juu ya milango na madirisha tu?"

"Kwani tofauti yake nini, fundi?"

"Tofauti ni hela. Tukikata, unaokoa nondo na saruji. Wengi huku tunawakatia."

"Na wewe kwako umefanyaje?"

"Kwangu nimekata," alisema, na macho akayapeleka kwenye mwiko. "Ningefanyaje, mwalimu?"

Nikamwomba anipe mpaka kesho yake asubuhi. Jibu nilikuwa nalo. Nilichotaka ni usiku mmoja wa kulifikiria upya, kwa sababu ni jibu lililogharimu maisha ya kazi ya mtu mmoja wa India, na kabla yake yeye liligharimu vijiji na miji.

Nianze na ufa. Novemba 4, 2002 ardhi ya Dodoma ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.5. Wakati huo nilikuwa nimepanga vyumba viwili mjini, katika nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo. Vikombe viligongana kabatini, mbwa wakabweka mtaa mzima, kisha kukawa kimya. Nilipokagua chumba niliuona. Ulianzia kona ya juu ya dirisha ukapanda kimshazari, ukifuata viungo vya tofali mithili ya ngazi, hadi darini. Ungeweza kuingiza ncha ya kalamu. Mwenye nyumba, mzee wa watu na mcha Mungu, alileta fundi akapiga plasta, akapaka chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sote tumelelewa na methali hiyo, basi tukaziba. Haikupita miezi mingi ufa ukarudi palepale, na umbo lake lilelile. Plasta ilikuwa imeuficha tu. Ndipo nilipoanza kutafuta maelezo, na katika kutafuta nikakutana na jina la Anand Swarup Arya.

Kwanza, kuhusu ardhi yenyewe. Wageni wengi wanaohamia Dodoma huniambia kwamba hapa ni salama, ardhi ya mawe, mbali na volkano na mbali na bahari. Lakini lugha yetu imekwisha kutuonya: tunaishi katika Bonde la Ufa. Ufa wa ukutani na ufa wa ardhini vina jina moja. Mkono wa mashariki wa bonde hilo ukishuka kutoka Manyara unakuja kugawanyika huku kwetu katika mipasuko mingi midogo: Bahi, Hombolo, Fufu na mingineyo. Aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati kwenda Tabora ameuona mmoja kwa macho. Unavuka mbuga ya Bahi, tambarare kama meza, kisha mbele yako unasimama ukuta wa Kilimatinde, na treni inaanza kuupanda polepole kuelekea Saranda. Pale ardhi ilikatika, upande mmoja ukashuka. Athanas Macheyeki, mwanajiolojia wa Kitanzania, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2008 utafiti kuhusu mipasuko hii ya Manyara na Dodoma, na walichokisema ni kwamba bado iko hai. Julai 2016 ardhi ilitikisika tena, kaskazini ya mji, na mwezi huohuo Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma.

Hata jina la mji. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope asitoke, na mahali pale pakaitwa Idodomya, palipozama. Mji wetu umepewa jina kwa kumbukumbu ya ardhi iliyoshindwa kubeba mzigo.

Arya alizaliwa 1931 kaskazini mwa India. Alisomea uhandisi wa ujenzi Roorkee, mji mdogo ulio chini ya Himalaya, kwenye chuo kilichoanzishwa 1847, kimojawapo cha vyuo vikongwe kabisa vya uhandisi vya nchi ile. Akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa shahada ya uzamivu, kisha akarudi Roorkee. Huko alikuwapo mwalimu wake na baadaye mwenzake, Jai Krishna, aliyezaliwa 1912, ambaye baada ya kuona huko Marekani jinsi somo la matetemeko linavyofundishwa kwa wahandisi, alikataa kuliacha libaki la Wamarekani na Wajapani. Mwaka 1960 Roorkee ilifungua shule ya utafiti na mafunzo ya uhandisi wa matetemeko, Krishna akaiongoza. Miaka miwili baadaye India ikatoa kanuni zake za kwanza za kitaifa za kujenga kwa kuzingatia tetemeko.

Lakini mbegu ilipandwa kabla yao, na aliyeipanda alikuwa kijana wa reli. Agosti 1931 tetemeko liliupiga mji wa Mach, huko Baluchistan, ambako leo ni Pakistan. Mhandisi wa reli aliyeitwa S. L. Kumar alipewa kazi ya kujenga upya nyumba za wafanyakazi. Hakuwa na vifaa vya fahari. Alichokuwa nacho ni reli kuukuu, vile vyuma vilivyong'olewa njiani kwa kuchakaa. Akavisimamisha ndani ya kuta kama nguzo na kuviunganisha, ukuta wa tofali ukawa umeshikwa na mifupa ya chuma, na mwaka 1933 akaandika hesabu zake na kuzichapisha ili wengine wazitumie. Mei 31, 1935 usiku, mji wa Quetta ulio jirani uliporomoka. Makumi ya maelfu ya watu walikufa ndani ya nyumba zao. Nyumba za reli alizojenga Kumar zilibaki zimesimama katikati ya kifusi.

Hadithi hiyo nimeisimulia darasani mara nyingi, kwa sababu Dodoma nayo ni mji wa reli. Wanafunzi wanavijua vile vyuma. Vimetumika kwa nguzo za mageti na vivuko vya mitaro. Ukiwaambia kwamba chuma kama kile kiliokoa familia nzima nzima Quetta, wanaacha kuandika na kuinua vichwa.

Katikati ya Mach na Quetta kulikuwa na Bihar, Januari 1934, tetemeko kubwa kuliko yote mawili. Gandhi alitamka kwamba ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwabagua wale walioitwa wasioguswa. Rabindranath Tagore, mshairi aliyempenda na kumheshimu, alimpinga hadharani, akisema si haki kuyafanya matukio ya asili kuwa hukumu ya maadili. Nampenda Gandhi kwa vita vyake dhidi ya ubaguzi, lakini katika hili nasimama na Tagore. Bukoba ilipotikisika Septemba 10, 2016, kwa ukubwa wa 5.9, na watu wasiopungua 17 wakafa, nilisikia msibani na kwenye daladala maneno yaleyale ya adhabu. Mungu hakuchagua nyumba za tofali zisizofungwa akaacha zilizofungwa. Uchaguzi huo ulifanyika siku ya ujenzi, na ulifanywa na watu kama mimi na fundi wangu.

Arya angeweza kumaliza maisha yake yote kwenye mabwawa na madaraja. India iliyokuwa imejitawala karibuni ilikuwa inajenga vyote hivyo, na kazi za namna hiyo ndizo zenye heshima na malipo. Kazi hizo alizifahamu. Lakini aliona jambo ambalo wasomi wengi hulikwepa: wanaokufa kwa tetemeko, wengi wao hufia ndani ya nyumba ambayo hakuna mhandisi aliyewahi kuitazama. Nyumba ya mawe na udongo. Nyumba ya tofali mbichi. Nyumba aliyoijenga baba na wanawe wakati wa kiangazi, au fundi wa mtaa kwa kukadiria. Mhandisi hapati ujira kwa nyumba hiyo, kwa hiyo hasomi habari zake. Arya alizisoma.

Namna alivyozisoma yeye na wenzake wa Roorkee, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Walihitaji meza ya kutikisia nyumba, na meza kama hiyo ni mashine ya gharama kubwa. Wakatumia behewa la treni. Walitandika kipande cha reli, wakaweka behewa, na juu ya behewa wakajenga nyumba ndogo ya tofali yenye kuta nne, mlango, madirisha na paa. Kisha mabehewa mengine yaliyopakiwa mizigo yalivutwa, yakaachiwa yaje kuligonga. Nyumba ilishtuka. Walipima, wakachora kila ufa, wakagonga tena mpaka ianguke. Halafu wakajenga nyingine ileile, tofali zilezile, safari hii wakiizungushia mkanda wa zege yenye nondo juu ya madirisha na kusimamisha nondo moja kila kona. Wakagonga.

Walichokiona kinaelezeka kwa mtu yeyote aliyewahi kushika boksi la kadibodi. Boksi lililofungwa kamba ukilitikisa linatikisika zima. Ukikata kona zake, kila upande unakwenda kivyake. Ukuta mmoja ukisukumwa kwa mbele hauna nguvu, unalala kama mlango uliong'oka bawaba. Lakini ukuta uliosimama ubavu kwa msukumo ni mgumu, unaweza kumshika mwenzake asianguke, mradi wameshikana. Kinachowashikanisha ni mkanda, yaani lenta iliyozungushwa nyumba nzima. Na ule ufa wangu wa 2002 nao ukapata maelezo: kona ya dirisha ndipo ukuta unapochoka kwanza, kwa sababu pale nguvu inakosa njia ya kupita, inachana. Mkanda ukipita juu ya dirisha bila kukatika, ufa haupati njia ya kupanda.

Mwaka 1986 Chama cha Kimataifa cha Uhandisi wa Matetemeko kilitoa mwongozo wa nyumba zisizo na mhandisi, na kamati iliyouandika iliongozwa na Arya. Umejaa michoro. Unasema dirisha likae mbali na kona. Unasema ukuta wa mawe usijengwe kama ngozi mbili zenye kifusi katikati. Kila kimo cha sentimita 60, na kila mita 1.2 ya urefu wa ukuta, liwekwe jiwe refu linalopita kutoka uso wa nje hadi wa ndani. Ni maelekezo ya kumpa fundi mwashi, na naamini ndiyo sababu baadhi ya wasomi waliyaona madogo.

Kisha ikaja Killari. Septemba 30, 1993, kabla ya mapambazuko, watu wakiwa wamelala baada ya sikukuu ya Ganesh, tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilivipiga vijiji vya uwanda wa juu wa Deccan, eneo ambalo kila mtu alilihesabu tulivu, la mwamba mkongwe. Karibu watu 8,000 walikufa. Kuta zao zilikuwa nene, za mawe na udongo, ngozi mbili bila jiwe la kuzishika, na juu yake mapaa bapa yenye tabaka zito la udongo lililoongezwa mwaka hadi mwaka kuzuia mvua na joto. Kuta zilipasuka katikati, mapaa yakashuka. Jiwe refu la Arya lilikuwa limechorwa kwenye mwongozo miaka saba kabla ya usiku ule.

Uwanda wa juu, mwamba mkongwe, mapaa bapa ya udongo. Msomaji wa Dodoma ameshajua kwa nini habari za Killari hazinitoki.

Tembe la Mgogo nalo lina paa bapa la udongo. Nimelala ndani yake mara nyingi, upande wa Mvumi, kwa watu wa mke wangu, ambako huingii kabla ya kuitikiwa "Mbukwenyi". Ndani ni giza na baridi tamu hata jua la Oktoba likiwaka. Paa lile ni zito, lakini halikukalia ukuta. Limebebwa na nguzo zenye mapanda, magogo yamelazwa juu ya mapanda, fito juu ya magogo, udongo juu ya fito. Ukuta ni miti iliyokandikwa udongo, umefungwa kuanzia chini hadi juu. Mchwa akizila nguzo, tembe ni hatari, na hilo wazee wanalijua, ndiyo maana walichagua miti migumu na kuibadilisha kwa wakati. Lakini nyumba ile ilikuwa na mifupa.

Tukaiacha, na tulikuwa na sababu. Katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walihamia vijiji vipya, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alishika kazi ya kufyatua tofali Chamwino. Nyumba bora, iliitwa. Siidharau hata kidogo. Watoto wengi wamekua ndani ya nyumba hizo bila kubanwa na moshi na kupe. Ila tulipochukua tofali tuliacha mifupa, na hakuna aliyetuambia kwamba tofali lina deni lake. Nyumba ya miti imefungwa kwa asili yake. Nyumba ya tofali lazima uifunge wewe.

Sasa tunajenga kuliko wakati wowote. Chimwaga, ukumbi ambao CCM ilimteua Jakaya Kikwete kugombea urais Mei 2005, ulikuwa peke yake na vichaka vyake. Leo kutoka hapo ni mapaa mtindo mmoja. Mjini maghorofa yanapanda, mengi yakiwa na ghorofa ya chini iliyo wazi kwa maduka na magari. Hapo nakumbuka Gujarat. Januari 26, 2001 tetemeko la ukubwa wa 7.7 liliibomoa Bhuj na vijiji vya Kachchh, nchi ya asili ya familia nyingi za Kihindi zilizofungua maduka na kujenga majumba katika miji yetu ya reli. Katika maduka ya Dodoma wiki ile kulikuwa na nyuso zilizovimba kwa kilio. Lakini maghorofa yalianguka hata Ahmedabad, zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovu, na mengi yalikuwa ya aina hiyo: juu kuta, chini nguzo tupu za kupishia magari. Nguzo za chini zilivunjika kama miguu ya kiti.

Na ndani ya nguzo zilizovunjika wahandisi waliona kosa la ukubwa wa kidole. Ringi. Ile nondo nyembamba inayokunjwa mraba kuzikumbatia nondo nene. Mafundi walikuwa wamezikunja ncha zake kona ya kawaida, zikabaki zimelala kwenye uso wa zege. Nguzo ilipotikiswa, zege ya nje ilibanduka, ringi ikafunguka, nondo nene zikapinda nje. C. V. R. Murty, mwalimu wa kizazi kilichomfuata Arya, aliandika mfululizo wa vijarida 24 vifupi vya uhandisi wa matetemeko kwa watu wasio wahandisi, na anasisitiza: ncha mbili za ringi zikunjwe zaidi, ziingie ndani kuelekea moyo wa zege. Fundi anaongeza mkunjo mmoja wa mkono. Haongezi hata shilingi.

Mwaka 2002, mwaka uleule Dodoma ilipotikisika, Serikali ya India ilimpa Arya nishani ya Padma Shri. Mwaka 2014, akiwa na miaka 83, ule mwongozo wa nyumba zisizo na mhandisi ulitoka upya, yeye akiwa mwandishi pamoja na Teddy Boen wa Indonesia na Yuji Ishiyama wa Japani. Alifariki 2019. Sijui heshima kubwa zaidi kwa msomi kuliko kuzeeka ukiwa bado unasahihisha mchoro wa nyumba ya maskini.

Asubuhi nilimkuta fundi ameshawasha moto wa chai.

"Zungusha," nikamwambia. "Nyumba nzima. Vigae vya sebuleni vitasubiri."

"Sawa, mwalimu."

"Na ringi, fundi, ncha zake zitazame ndani."

Alichukua kipande cha nondo, akakipitisha kwenye misumari aliyoipigilia kwenye mbao, akakunja, akakunja tena. Akanionyesha. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kitu ambacho kilinifurahisha siku nzima: kama kwake, ambako alikata, bado kuna la kufanya. Lipo. Ukuta uliokwisha kujengwa unaweza kufungwa kwa mkanda wa wavu wa chuma uliopigiliwa pande zote mbili na kusilibwa kwa saruji, nao hao wa Roorkee waliuelekeza. Tumekubaliana kuifanya kazi hiyo kwake kabla ya masika.

Siku ya kumwaga lenta nilipanda ngazi mwenyewe kabla zege haijachanganywa. Kona tatu zilikuwa sawa. Kona ya nne, nondo za ukuta mmoja ziliishia pale zilipokutana na za ukuta wa pili, zimefungwa kwa waya tu, kwa sababu vijana walikuwa wameishiwa. Tukatuma bodaboda akaleta nondo nyingine, wakaikunja ikapita kona na kuingia ukuta wa pili sentimita 60.

Wewe unayejenga Nkuhungu, Ihumwa, Nala, Kisasa au popote katika uwanda huu, siku ya lenta usibaki chini kwenye kivuli na simu. Panda ngazi kabla zege haijamwagwa, ukaziangalie kona zote nne.